Patasi ya kutengenezea viti: tazama mgongo kabla ya makali

Malalamiko ya wanaojifunza useremala wa mkono yanafanana sana. Mbao zimepimwa vizuri, gundi imekauka, lakini mtu akiegemea tu, mguu wa nyuma wa kiti unalia. Wengi hulaumu mbao au gundi. Mimi huwauliza kwanza: mgongo wa patasi yako ukoje?

Habari za mpini na uzito zimeshaandikwa vya kutosha, siziongezi. Mgongo ndio unaosahaulika, yaani ule upande bapa, ulio kinyume na mteremko unaonolewa. Unapochimba tundu la ulimi, yaani ncha ya mbao moja inayoingizwa ndani ya nyingine, mgongo ndio unaolala kwenye ukuta wa tundu na kuiongoza patasi iteremke wima. Mgongo ukiwa na mbinuko, yaani umetuna katikati, patasi hukosa njia, ukuta unakwenda upande, na ulimi unashikwa mdomoni tu huku ndani kukiwa wazi. Kwenye sanduku huenda usione tatizo. Kiti ni kazi nyingine: pale mbao ya ubavuni inapoingia kwenye mguu wa nyuma, kiungio hubeba nguvu ya kila anayeegemea, siku zote. Halafu makali ni pale nyuso mbili zinapokutana. Mgongo ukiwa umeviringwa karibu na ncha, utanoa mteremko kutwa nzima na patasi itabaki butu.

Kupima ni rahisi. Simamisha ukingo wa rula ya chuma juu ya mgongo, kwa urefu, kisha utazame ukielekea kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati tu, hapo pana mbonyeo, na ukiwa mdogo unavumilika kwa sababu jiwe litagusa ncha mapema. Rula ikichezacheza huku na huku, huo ni mbinuko. Irudishe patasi hiyo.

Kwa kipimo hicho, ya kwanza kwangu ni Veritas ya Kanada, na sioni haya kuipendelea. Mgongo wake husawazishwa kiwandani kwa uangalifu ambao wengine humwachia mnunuzi, kwa hiyo dakika chache za jiwe zinatosha. Ni ghali, lakini hapo unalipia kitu unachokiona kwenye rula.

Ya pili ni Narex, ya Jamhuri ya Czech. Chuma chake kina kromiamu na manganizi, nacho hugumishwa hadi takriban 59 kwa kipimo cha Rockwell, kinachopima ugumu wa chuma. Mgongo wake unaweza kukudai kazi, lakini ukishausawazisha umemaliza.

Za Kijapani naziweka nafasi ya tatu. Mgongo wake huchimbwa makusudi katikati, hivyo sehemu ya kusawazisha ni ndogo, na hilo nalisifu sana. Ila chuma chake ni kigumu mno. Ukiikongoa mbao ngumu kwa kuibinua patasi, makali yanaweza kumeguka. Patasi kuukuu za Sheffield, mji wa Uingereza, zina chuma kizuri, ila epuka yenye vishimo vya kutu mgongoni karibu na ncha.

Seti za bei ya chini, ziache.

Kinachoniudhi zaidi ni wauzaji. Patasi inafungwa kwenye plastiki ngumu, mgongo umegeuziwa kadibodi, na ukiomba kuipima unaangaliwa kama mwizi. Nyingine zimeng'arishwa hadi zikawa kioo, na ung'arishaji huo wa haraka ndio ulioviringa kingo karibu na ncha. Kisha unalazimishwa kuchukua seti nzima, yenye patasi pana usizozihitaji, wakati tundu la kiti huchimbwa kwa upana wa karibu theluthi moja ya unene wa mbao. Mbao ya milimita 24 inataka patasi ya milimita 8. Ya milimita 30 inataka ya 10. Nunua hiyo moja, iliyo nzuri, na fedha iliyobaki uiweke kwenye jiwe bapa la kunolea.