NLE Calc: nimeijaribu kwa magunia ya Nyamakima

Kama unasimamia stoo, godauni au duka la jumla, na chini yako kuna vijana wanaoinua mizigo, ipakue hii programu. Haina malipo. Imetolewa na NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofanya utafiti wa usalama na afya kazini, na imekuwa kwenye simu tangu 2017. Unaiambia mzigo uko wapi, unapelekwa wapi, unainuliwa mara ngapi kwa dakika na unashikika vipi. Nayo inakurudishia kilo ambazo wafanyakazi wengi wenye afya wanaweza kuinua katika hali hiyo bila kuutesa mgongo.

Mimi nasimamia stoo ya nafaka Nyamakima, jijini Nairobi. Maharagwe, ndengu, mchele, mahindi. Huku uzito unajulikana kwa namna moja tu: gunia limeandikwa kilo ngapi. Tangu kanuni za viazi za 2019 ziseme gunia lisizidi kilo 50, wengi wamechukulia kwamba 50 ndio uzito salama wa kila kitu. Ni kweli kanuni hizo zililenga kuwaokoa wachukuzi na yale magunia yaliyoshonewa kilemba, yaani nyongeza juu ya mdomo wa gunia, hadi yakapita kilo mia. Lakini hesabu iliyo ndani ya programu hii haianzii 50. Inaanzia 23.

Hizo 23 ni pale mambo yote yanapokuwa mazuri: mzigo uko karibu na mwili, uko kimo cha sentimita 75 kutoka sakafuni, una vishikio, hakuna kujipinda, na hauinuliwi mara kwa mara. NIOSH waliitoa hesabu yao ya kwanza 1981, wakaifanyia marekebisho 1991 baada ya kukusanya utafiti wa aina tatu: nguvu inayobana pingili za uti wa mgongo, nishati ambayo mwili unatumia, na uzito ambao wafanyakazi wenyewe, wanawake kwa wanaume, wanaona wanaumudu. Kila kinachoharibika kati ya hayo mazuri kinazipunguza zile 23. Kumbuka pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la 1967 liliweka kilo 55 kwa mwanamume mzima. Tofauti hiyo peke yake ingetosha kumkalisha chini mwenye stoo yeyote.

Sasa stooni. Nilichukua kazi ambayo kwetu haikosekani: gunia la maharagwe la kilo 50 limelala sakafuni, linapakiwa kwenye pikapu. Mikono inalishika ikiwa sentimita 15 kutoka chini, sentimita 40 mbele ya vifundo vya miguu, na inalipeleka hadi sentimita 75. Mara mbili kwa dakika, kazi ya muda usiofika saa mbili. Gunia halina mpini, linalegea katikati, kwa hivyo mshiko niliuweka kuwa mbaya. Jibu: kilo 8. Uzito halisi ukiugawa kwa hizo 8 unapata 6 na ushei, na NIOSH wanasema ukipita 3 wafanyakazi wengi wako hatarini.

Kijana aliyekuwa akipakia alicheka. "Mkubwa, kilo nane? Hata mtungi wa maji wa nyumbani ni zaidi ya hapo." Nikamwambia tuendelee. Tukapanga paleti nne tupu, tukalilaza gunia juu yake, mikono ikawa tayari kwenye 75. Akalivuta gunia hadi likamgusa tumbo, sentimita 30 badala ya 40. Gunia ni lile lile, kasi ni ile ile. Programu ikapanda kutoka kilo 8 hadi 14 na nusu. Hakucheka tena. Aliinama akaziangalia paleti, akasema, "Kwa hivyo kinachotuua ni sakafu."

Sehemu kubwa, ndiyo. Na hapo ndipo ninapoipa programu hii sifa zake zote, kwa sababu mwenye mali hawezi kubishana na namba inayobadilika mbele ya macho yake. Bado 50 kwa 14 na nusu inazidi 3. Ukiweka gunia la kilo 25 mahali pale pale unashuka hadi kama 1.7. Bado si 1, pale mzigo unapolingana na kilo za programu, lakini hapo tunazungumza lugha nyingine kabisa.

Kuitumia si kugumu ukiwa na tepu ya fundi na mtu wa kukushikia upande wa pili. Kiswahili hakimo. Kinachosumbua zaidi ni kupima umbali wa mlalo: unaanzia katikati ya vifundo vya miguu, si kwenye tumbo wala kwenye vidole, na ukikosea hapo jibu lote linakosea. Piga picha mtu akiwa ubavu, halafu upime kwa utulivu.

Lakini kuna jambo ambalo lazima lisemwe wazi. Hesabu hii inapima kuinua kwa mikono miwili, umesimama, kwenye sakafu isiyoteleza, pasipo joto kali. Haipimi kubeba. Haipimi kusukuma mkokoteni. Sasa nenda soko la Marikiti alfajiri, au simama nje ya stoo yetu lori likishusha: gunia linatupwa mgongoni na taniboi aliye juu, mchukuzi anatembea nalo amejikunja, anapanda ubao, analibwaga. Kwa kazi hiyo programu haina jibu, na mtu akikuletea namba yake kwa kazi hiyo mkatalie.

Hili linaniuma kwa sababu ujuzi wa kubeba ulishawahi kupimwa hapa hapa, na kwa makini sana. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi akiwa na wenzake, wakiwemo watafiti wa Harvard na Milan. Walipima oksijeni ya akina mama wa Kiluo waliobeba kichwani na wa Kikuyu waliobeba kwa kamba iliyopitishwa kwenye paji la uso. Hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, mzigo haukuwaongezea gharama ya nishati. Wataalamu wa mwendo nchi za nje walishangaa, na utafiti ukaendelea huko hadi miaka ya tisini. Lakini mama wa kilo 60 hapo anazungumzia kilo 12, si 50, na nishati si shingo wala si pingili. Swali la mchukuzi wa Marikiti lilibaki pale pale.

Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mtu mzigo ambao uzito wake unaweza kumuumiza, na ukiwa na wafanyakazi 20 au zaidi unatakiwa kuwa na kamati ya usalama. Ipeleke namba ya programu kwenye kikao cha kamati hiyo. Mimi niliipeleka kwa mwenye stoo moja kwa moja. Fundi wa kuchomelea ameshachukua vipimo vya majukwaa mawili ya chuma, na mchele tumeanza kuagiza wa kilo 25. Maharagwe bado, wakulima wengine wanafunga hata kilo 90.

Chuo Kikuu cha JKUAT kule Juja wanafundisha shahada ya uzamili ya usalama na afya kazini. Mwanafunzi anayetafuta mada, aje apime kile ambacho NIOSH hawakupima: gunia mgongoni, ubao wa lori, ngazi za stoo. Wachukuzi wetu wako tayari, nimewauliza. Lori la Kitale huingia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.