Godox V860II mbele ya wanaoserebuka: tathmini ya flashi ya ukumbini

Maharusi wakiwa wamekaa kwenye jukwaa lililopambwa, karibu flashi yoyote itatoa picha inayopendeza. Kifaa hujulikana baadaye, mshereheshaji anapowaalika watu wote wasimame na taa kubwa zikazimwa, zikabaki zile za rangi za DJ. Kwa miaka kadhaa nilitumia flashi ya bei nafuu ya betri nne ndogo, na sijasahau usiku mmoja jijini Dar es Salaam ambapo mama wa bibi harusi alimkumbatia mwanawe katikati ya wimbo, nami nikabonyeza kitufe huku flashi ikiwa bado inajichaji. Picha ilitoka giza tupu, na kumbatio lile halikurudiwa. Tangu hapo naipima flashi ya ukumbini kwanza kwa muda inaochukua kuwa tayari tena, kisha ndipo naangalia nguvu yake.

Kwa kipimo hicho V860II inanitosheleza kabisa. Inatumia betri moja ya lithiamu, na mtengenezaji anataja sekunde 1.5 kati ya mwako mmoja wa nguvu zote na mwingine, pamoja na miako ipatayo 650 kwa betri iliyojaa. Wachezaji hawahitaji nguvu zote hizo. Mimi huiweka kwenye 1/8 ya nguvu zake, na hapo naweza kupiga picha kadhaa mfululizo bila kusubiri, jambo ambalo ni la lazima wakati shangazi na wajomba wanaingia na zawadi wakicheza, kwa kuwa uso wa kila mmoja huonekana vizuri kwa nukta chache tu kabla ya kufunikwa na mwenzake.

Faida nyingine ya kutumia nguvu ndogo ni kwamba mwako huwa mfupi sana, hivyo unagandisha uso na mikono hata shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, ikiwa ya polepole. Kwa kawaida naanza na shata ya 1/20 ya sekunde, f/4 (upana wa tundu la lenzi) na ISO 1600 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), nikiiamuru flashi iwake shata inapokaribia kufunga badala ya inapofunguka, ili michirizi ya taa za rangi ibaki nyuma ya mchezaji na kufuata mwelekeo wake. Shata ikiwa ya haraka sana, ukumbi wote hugeuka mweusi, na watu waliolipa pesa nyingi kwa mapambo huonekana kana kwamba wanacheza shimoni.

Katika kwaito, ambapo mistari yote hugeuka kwa pamoja, nasimama mapema upande watakaogeukia na kuzungusha kichwa cha flashi ili mwanga ugonge dari kabla ya kuwafikia. Hapa nawasihi wapiga picha wenzangu wachunguze dari kabla wageni hawajaingia, kwa sababu kitambaa cha zambarau kilichotandazwa juu kitarudisha mwanga wa zambarau kwenye ngozi na kwenye shela, na kurekebisha rangi hiyo katika mamia ya picha ni adhabu. Dari ikiwa ya namna hiyo, au sherehe ikiwa ya bustanini, naweka flashi ya pili kwenye stendi karibu na spika za DJ na kuiwasha kwa redio iliyomo ndani ya V860II yenyewe, bila kununua kifaa cha ziada.

Ina mipaka yake. Betri yake ikiisha huwezi kutuma mtu dukani akanunue za kawaida, na ukipiga mfululizo kwa nguvu zote, kinga ya joto huipunguzia kasi, kwa hiyo anayezoea kumulika ukumbi mzima kwa mwako mmoja haitamfaa. Toleo la V860III limeongezwa taa ndogo ya kuongozea, inayobaki imewaka ili uone mwanga utaangukia wapi, lakini kwa watu wanaoruka na kuzunguka sioni kama taa hiyo ni sababu ya kutosha ya kuongeza bei. Hakikisha umechukua toleo linalolingana na kamera yako, kwani la Canon, la Nikon na la Sony ni tofauti, na fedha inayobaki uinunulie betri ya pili ya aina yake, VB18, uichaji mchana na kuitia mfukoni kabla ya maharusi kuingia ukumbini.