Hisa za Kenya Airways: za kushika au za kuachia?

Kwa mwekezaji wa Kampala, hisa hii ni rahisi kwa bei, jina linajulikana, na imeorodheshwa hapa kwenye soko letu pia. Urahisi huo ndio mtego. Anza na mizania: madeni yamezidi mali, yaani mtaji wa wanahisa uko chini ya sifuri. Kampuni ikifungwa, wakopeshaji hulipwa kwanza na wewe unabaki na karatasi.

Faida ya 2024, shilingi za Kenya bilioni 5.4, isome ukiwa na kalamu mkononi. Mwaka huo shilingi ya Kenya iliimarika, na mikopo ya ndege ni ya dola, kwa hiyo deni likapungua likihesabiwa kwa shilingi, na sehemu ya faida haikutoka kwenye tiketi. Itoe hiyo kwanza, kisha gawa faida ya uendeshaji kwa gharama za riba. Jibu likiwa chini ya 1.5, kampuni inawafanyia kazi wakopeshaji. Nusu ya kwanza ya 2025 hasara ikarudi, bilioni 12.2, huku ndege kadhaa kubwa aina ya Dreamliner zikiwa zimelala chini bila kuruka.

Ila linalouma zaidi ni la 2017: madeni yaligeuzwa hisa mpya, fungu la wanahisa wa zamani likapungua, na hata KLM, shirika la ndege la Uholanzi, ikashuka kutoka 26.7% hadi 7.8%. Wanahisa wadogo je? Kisha biashara ya hisa hizi sokoni ikasimamishwa Julai 2020 hadi Januari 2025. Mlango wa kutokea haukuwepo.

Asiyenazo asinunue. Aliyenazo apunguze bei inapopanda, na kwenye soko la Kampala aweke bei ya kikomo, yaani bei ya chini kabisa anayokubali kuuzia, maana wanunuzi ni haba.