Moshi hadi Same: baiskeli ya mbio au graveli?

Baiskeli yangu ya mbio nilinunua mtumba: fremu ya kaboni, kilo 8 na nusu, tairi za milimita 25. Miaka miwili nimeipeleka Same, zaidi kidogo ya kilomita 100 kutoka Moshi, na kwenye lami tambarare ukishaipita Himo raha yake haielezeki. Unakanyaga, inaitika.

Mwaka jana nikaongeza graveli, yaani baiskeli ya njia za kokoto: Trek Checkpoint ALR 5, ya alumini, karibu kilo 10, tairi za milimita 40. Zote mbili nimezipitisha njia ileile.

Kasi kwanza, tuimalize. Asubuhi isiyo na upepo, ya mbio hunifikisha Same kwa saa 3 na dakika 55. Graveli ni saa 4 na robo. Anayeshindana, dakika 20 ni nyingi mno, achukue ya mbio bila kusita. Mimi nikifika nakunywa chai.

Kwangu kilichoamua ni ukingo wa lami. Hii ni njia ya mabasi ya Dar es Salaam, na basi likitaka kulipita lori, mwendesha baiskeli hahesabiwi. Siku moja karibu na mashamba ya mkonge ya Kisangara, basi lilikuja upande wangu likiwasha taa. Nikatoka barabarani. Kati ya lami na udongo palikuwa na kidato cha upana wa kiganja. Tairi la mbele likatua kwenye jiwe, rimu ikaibana tyubu. Nilipoivua nikakuta matundu mawili yamekaa sambamba. Sikuanguka, namshukuru Mungu, lakini mikono ilitetemeka hadi Lembeni.

Kwa tairi za 40 nimeshashuka nje ya lami mara nyingi tangu hapo. Nainuka kwenye siti, nalegeza viwiko, nashuka, basi linapita, narudi. Za 25 nilikuwa nazijaza presha 90. Hizi natia 38 tu, kwa hiyo tairi lenyewe linameza kokoto. Viganja navyo havifi ganzi tena. Na kwa kuwa nimezifunga tyubulesi, yaani bila tyubu, ndani mna maji mazito ya kuziba matundu, mwiba wa mgunga ukiingia yanaziba tundu kabla sijasimama.

Gia nazo. Ya mbio ina meno 34 mbele na 28 nyuma kwenye gia nyepesi kabisa, na kupanda kutoka Himo hadi Marangu nilikuwa nayumba kama mlevi. Graveli ina 30 mbele na 34 nyuma: pedali zikizunguka mara moja, gurudumu halimalizi hata mzunguko mmoja. Polepole, lakini unafika umekaa.

Upepo wa mchana wa Same ukikujia usoni, hapo utajuta kuchukua tairi pana. Dawa niliyoipata ni kufunga tairi za uso laini za milimita 32 safari ikiwa ya lami tupu. Nusu ya zile dakika 20 inarudi. Fremu ya graveli inakubali zote mbili. Ya kwangu ya mbio mwisho wake ni 28.

Uchukue ipi, beba tyubu zako mbili. Madukani njiani wanauza za baiskeli aina ya Phoenix, na mdomo wake ni mnene, haupiti kwenye tundu la rimu zetu. Tairi ndiyo kabisa: ya Phoenix inaitwa inchi 28, lakini inakaa kwenye rimu ya milimita 635, zetu ni 622. Nimewahi kukaa saa nzima na fundi tukilazimisha, mzee wa watu ananiambia, "Mwanangu, hii haitaki."

Mwenye pesa ya baiskeli moja kwa safari ndefu za huku kwetu, namwambia anunue graveli. Ile ya mbio sijaiuza. Jumapili alfajiri, kabla mabasi hayajaanza kupita, naishusha ukutani naenda nayo Himo na kurudi.