Rimu za Premio nimezipaka mwenyewe nyumbani kwa rangi ya kopo ya kupuliza, huu ni mwezi wa nane tangu nizipake

Wakuu habari zenu. Niko Busia huku upande wa Uganda, naendesha Premio. Hizi rimu nilizitoa Kisekka, soko la spea pale Kampala, used, za alumini, inchi 15, matundu matano ya nati, zote nne shilingi 600,000 za Uganda bila tairi, na hapo tumebishana na yule kijana mpaka koo limekauka. Nilimwambia kabla sijatoa pesa tuzipeleke kwa mwenye mashine ya balansi azizungushe nione kwa macho yangu, zikazunguka vizuri hakuna iliyocheza na hakuna yenye ufa. Kama rimu ina ufa ndugu yangu iache hukohuko, rangi itauficha ule ufa ila haitaushika.

Sura sasa ndo ilikuwa shida. Klia ya zamani, yaani lile koti la juu lisilo na rangi, imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, chini yake alumini imeota unga mweupe, kingo zimekwanguliwa na mawe ya barabara mpaka ukipitisha kidole unachanika. Fundi akataka 80,000 kwa kila rimu, yaani 320,000, nikasema hapana, nitafanya mwenyewe. Nikanunua makopo saba ya 400 ml, praima (rangi ya chini ya kushikisha) mawili, silva matatu, klia mawili, kila moja 18,000, ukiongeza msasa, tina ya kuyeyushia rangi na tepu ya karatasi nikafika kama 155,000. Chukua kopo lililoandikwa ni la rimu, manake rimu inapata joto la breki na rangi ya geti haijatengenezwa kwa hiyo kazi, na kama umefikia alumini tupu tafuta praima ya alumini, ile ya chuma cha kawaida haishiki, baada ya muda inainuka vipande.

Kazi yenyewe kubwa ni kuosha na msasa, kupuliza ni dakika chache tu. Niliosha kwa sabuni ya unga na brashi, mbele na nyuma, mara tatu, maji bado yanatoka meusi, lile vumbi la brekipedi lina chembe za chuma na linajichimbia ndani kabisa. Alafu msasa namba 120 kwenye kingo zilizokwanguka, 240 rimu nzima, ukamalizia na 400, siku mbili nzima nimekaa kwenye kigoda uani vidole vimekufa ganzi. Usitegemee macho peke yake, funga macho upitishe kiganja, pale kiganja kinapokwama hata kidogo rangi itapaonyesha wazi kuliko mwanzo. Mwisho futa na kitambaa chenye tina na usishike tena kwa mkono mtupu, mafuta ya vidole yanaikataa rangi.

Rimu zangu hazikuwa na tairi kwa hiyo nilizitundika kwa waya kwenye mti wa mwembe nikawa nazizunguka. Kama yako ina tairi toa upepo kidogo uchomeke karata za kuchezea kati ya mpira na ukingo duara zima, halafu tairi lote funika na kavera, yaani mfuko wa plastiki, na valvu uizibe na tepu. Tikisa kopo dakika mbili mpaka usikie kile kigololi kinacheza bila kukwama, kaa mbali kama sentimita 25, anza kupuliza ukiwa nje ya rimu upite umalizie nje. Koti la kwanza liwe jembamba hadi uone kama hujapaka kitu, ngoja dakika 10 hadi 15, rudi tena. Ukitaka ifunike mara moja itachuruzika, na mchuruziko huo hautoki mpaka uanze msasa upya. Watoto wakae mbali, ule moshi wake unakaa kifuani.

Rimu ya tatu niliipuliza klia saa kumi jioni mwezi wa nne, mawingu yameshatanda, hewa nzito ile ya kabla ya mvua. Ikageuka nyeupe mbele ya macho yangu, kama kioo ukikipulizia pumzi, na haikurudi. Ni unyevu umenaswa ndani ya klia. Kesho yake nikaikwangua na msasa namba 800 wenye maji nikarudia saa nne asubuhi jua limetulia, ikatoka safi kabisa. Tangu hapo klia naipuliza kati ya saa nne na saa saba tu.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Nilikuwa nimepaka rimu yote, mbele, nyuma, hadi ndani ya matundu ya nati, nikaona hapo ndo usafi wenyewe. Nikaziacha siku mbili zikauke, tairi zikavalishwa zikapigwa balansi, nikafunga nikakaza kwa nguvu zangu zote nikaanza safari ya Kampala na mama watoto na mtoto nyuma. Kabla ya Bugiri nasikia tak tak tak kutoka mbele kushoto na usukani unatetemeka. Nikasimama nikagusa nati kwa mkono, nati mbili zinazunguka kwa vidole, vidole hivi vitupu! Nilikaa chini kwenye majani nikashindwa kusema kitu.

Mzee mmoja fundi wa tairi alikuja na boda, akafungua nati moja akanionyesha kwenye kiganja chake. Ile sehemu ya koni inayokalia rimu ilikuwa imejaa silva imepondeka, imejikunja kama maganda ya kitunguu. Akaniambia, "Mwanangu, nati haijashika rimu, imeshika rangi. Rangi ikipondeka, nafasi inabaki." Ndo hivyo. Unakaza leo inakuwa ngumu kabisa, unaendesha, koti linapondeka kwa uzito na joto, nati inabaki inaelea. Hali ni ileile kwenye uso wa nyuma wa rimu pale inapobanana na habu, ile sahani ya chuma gurudumu linapofungwa.

Nilizitoa zote, nikakwangua matundu yote 20 na ile sehemu ya habu mpaka alumini tupu ikang'aa, nikakaza upya kwa kuruka, nati hii kisha ya upande wa pili, siyo kwa kuzunguka duara. Premio inataka Nm 103 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kukaza), kama una spana yenye kipimo itumie, na baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza tena. Mimi nilikagua mara tatu wiki ile, hazijalegea tena mpaka leo.

Kuhusu rangi yenyewe, nimeridhika. Silva bado imekaa, murram ya huku imezidonoa mbele vidoti viwili vitatu. Palipoharibika ni rimu moja ya nyuma, vijana wa kuosha gari walifuta lami kwa petroli, klia ikalainika hapohapo ikabaki na ukungu, klia ya kopo haivumilii petroli wala tina, waambie mapema watumie sabuni tu. Ukilinganisha na 320,000 ya fundi, ningefanya tena.

Jirani yangu ana Wish, ameshaniomba tuzifanye zake Januari kukiwa kikavu. Kopo bado hatujanunua hata moja, ila nati kuukuu 20 nimeshazikusanya kwenye mkebe wa maziwa, za kuziba matundu wakati wa kupuliza.