Kuruka na parachuti Diani

Mimi mtoto wa Birere, Goma, nimezoea kuutazama mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, kutoka chini. Diani, kule Kenya, ndege ilinipandisha karibu na kimo chake, zaidi ya mita 3,000, mlango ukafunguliwa. Mungu wangu! Upepo ule, kwa mwendo wa kilomita 200 hivi kwa saa, ulininyang'anya hata sauti. Kisha parachuti ikafunguka, kukawa kimya, bahari yote chini ya viatu vyangu.

Mwalimu niliyefungwa naye alikagua mikanda mara tatu, akanionyesha parachuti ya akiba na kifaa kinachoifungua chenyewe mtu akizimia. Hapo nikamwamini. Ila maelezo ya kutua yalikuwa mafupi mno: dada mmoja hakuinua miguu, akateguka kifundo. Ulizeni tena kabla ya kupanda ndege.