Feni mpya za kadi ya picha: miezi mitatu baadaye

Kila nikiiwasha asubuhi, kompyuta yangu ilikuwa inakoroma. Krrrr kwa dakika mbili hivi, kisha inatulia, nami naendelea na shughuli zangu. Siku ilipoacha kukoroma kabisa nilifurahi. Kumbe feni ya kadi ya picha, ile kadi inayotengeneza picha za kwenye skrini, ndiyo imekata roho.

Nilikuja kugundua kwenye gemu. Dakika kumi za mwanzo picha laini, halafu zinaanza kukatakata. GPU-Z, programu ya kuonyesha hali ya kadi, ilinionyesha joto limegota nyuzi 83 na kasi ya chipu inashuka yenyewe ili lisipande zaidi. Nikafungua ubavu wa kasha, nikamulika kwa tochi ya simu. Kadi yangu ina feni mbili: moja ilikuwa inazunguka kama imechanganyikiwa, ya pili inatetemeka palepale, kama mzee anayetaka kuinuka kwenye kiti na magoti yamegoma. (Kadi nyingi za siku hizi huzima feni zote zikiwa baridi, kwa hiyo usiihukumu yako kabla haijapata moto. Mimi nilimulika gemu ikiwa katikati.)

Kwanza nikajaribu tiba ya wabahili. Nikaitoa feni, nikabandua kibandiko cha mgongoni, nikadondosha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bushi, kile kijitundu ambamo ekseli ya feni huzunguka. Kibandiko kilishalowa mafuta, nikakitupa. Feni ikazunguka vizuri siku tisa, ya kumi ikarudi kulekule. Bushi ikishalika, ekseli inacheza ndani yake, na mafuta hayawezi kurudisha kilicholika.

Basi nikaagiza feni mtandaoni. Nikaandika jina la kadi yangu, zikaja picha kibao, nikachagua ya kwanza iliyofanana na yangu. Ilipofika, matundu ya skrubu yalikaa sawasawa, mapanga yaleyale, lakini plagi ina pini nne. Kwenye kadi yangu kuna soketi moja ya pini sita inayolisha feni zote mbili kwa pamoja. Nikashika kichwa. Mtengenezaji anaweza kutoa kadi ya jina lilelile kwa awamu mbili, na kila awamu ikawa na feni tofauti, kwa hiyo jina la kadi peke yake halitoshi. Kinachotakiwa ni namba ya feni yenyewe, na namba hiyo huandikwa kwenye kibandiko cha mgongoni. Ndiyo, kilekile nilichokitupa.

Bahati nzuri feni ya pili ilikuwa bado na chake: namba ya modeli, volti 12, na ampea zake. Safari hii nilitafuta kwa namba hiyo, nikapima na rula umbali kati ya matundu ya skrubu, nikalinganisha plagi pini kwa pini kwenye picha ya muuzaji, na nikanunua zote mbili. Ile iliyobaki nzima imefanya kazi saa zilezile na mwenzake. Kuiacha ni kujitafutia kazi ya kufungua kadi mara ya pili. Muuzaji wa kwanza nilimrudishia mzigo wake, akakubali bila maneno.

Kufunga kwenyewe si kazi ngumu, ila inataka utulivu. Kuna kadi ambazo feni zinatoka kwa skrubu tatu za mbele na ukamaliza. Yangu si hivyo. Gamba la feni limefungwa kwa nyuma, kwa hiyo kifyonza joto chote lazima kitoke kwanza, ndiyo maana hata ile siku ya mafuta nilitumia jioni nzima. Nilicheza gemu dakika tano ili pasta ya joto, ile inayopakwa kati ya chipu na kifyonza joto, ilainike, nikazima, nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikashika chuma cha kasha kidogo ili kuondoa umeme tuli mwilini, ndipo nikaitoa kadi. Zile skrubu nne zenye springi kuzunguka chipu nazilegeza kwa mkato wa msalaba, nusu mzunguko kila moja, zisije zikaelemea upande mmoja. Kifyonza joto kikigoma hukivuti, unakizungusha kidogo kulia na kushoto hadi kiachie. Plagi ya feni nayo ishike mwili wake kwa kucha, usivute nyaya.

Pedi moja ya joto juu ya memori ilichanika. Nikaibadilisha kwa nyingine ya milimita 1, unene uleule. Ukiweka nene kuliko ya awali, kifyonza joto hakikai vizuri juu ya chipu na utashangaa kwa nini joto limezidi lile la mwanzo. Pasta kavu niliifuta kwa spiriti, nikaweka tone jipya la ukubwa wa punje ya mbaazi.

Nilipowasha, nikasikia ti-ti-ti-ti. Waya wa feni mpya ni mrefu kuliko wa zamani kwa takriban sentimita 4, na kitanzi chake kilikuwa kinaguswa na mapanga. Nikafungua gamba tena, nikaubana waya pembeni kwa kijifungo cha plastiki. Hapo ndipo nilipouchukia mfuko zilimokuja feni hizo, kwa sababu ndani hamkuwa na kijifungo wala skrubu hata moja, na panga moja lilikuwa na kijisu cha plastiki ambacho hakikukatwa kiwandani. Nilikikwangua kwa wembe.

Kazi yake, hata hivyo, siwezi kuisema vibaya. Dakika ishirini za FurMark, programu ya kuitesa kadi makusudi, joto likasimama nyuzi 70, na feni zikizunguka mara 1,700 hivi kwa dakika. Gemu hazikatikikatiki tena. Kwenye kasi ndogo kuna mvumo mwembamba ambao za asili hazikuwa nao zilipokuwa mpya; ukivaa spika za masikioni huusikii, ukisoma usiku chumba kikiwa kimya unausikia. Muuzaji aliandika kwamba ni za beringi za gololi. Mimi sijazipasua kuona, na kusema kweli mvumo huo unafanana na wa gololi.

Nazipa nne kati ya tano. Ningenunua tena kwa muuzaji huyuhuyu wa pili. Feni ya zamani iliyokuwa nzima iko kwenye droo, na kibandiko chake nimekipiga picha.